Nani anaumwa? Hakuna. Sasa tunachangia nini?

Haya wadau, nimesharudi Dar, kucha mbili za mguu zimegeuka nyeusi na ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta, ila medali ninayo na hesabu za michango ninazo, na kwa kuwa nusu ya walionichangia wanasoma hapa na nusu nyingine walichanga bila kuelewa wamechangia nini (walinionea huruma tu, najua), acha niandike yote mara moja nisiendelee kujibu mmoja mmoja inbox.

Kwa kifupi nimekimbia Kili Marathon, ile ndefu, kilomita 42 na mita 195, pale Moshi, na nilikuwa nakusanya pesa za utafiti wa saratani. Siyo matibabu. Utafiti. Na hapo ndo kazi ilipokuwa bana, mbio ni mbio tu, ukifanya mazoezi na Mungu akijalia unafika.

Kwenye ukoo wetu mi ndo mweka hazina wa kudumu. Harusi, sendoff, kipaimara, msiba, grupu la wasapu likifunguliwa tu nakuta nimeshapewa uadmini na daftari, kwa hiyo tabia za wachangaji nazijua nje ndani. Namjua anayeahidi laki ukajua moja kwa moja ni elfu thelathini, namjua anayesubiri siku ya mwisho ndo atume na ujumbe mrefu wa samahani, na nawajua wale wastaarabu wanaotuma na ya kutolea (Mungu awazidishie). Na kitu kimoja sina shaka nacho: ndugu akilazwa, ukitaja jina na wodi, kabla ya jioni simu imeingia meseji za miamala mpaka imepata moto. Kwa mgonjwa sisi hatuna mchezo. Sasa jaribu kuingia kwenye grupu hilohilo useme unachangisha kwa ajili ya utafiti. Kimya. Tiki za bluu tupu. Mmoja akatuma emoji ya mikono ya kusali halafu akapotea.

Baba mkubwa akanipigia, yeye wasapu anasomewa na wajukuu.

– Shikamoo baba.
– Marahaba mama, hujambo? Nimesomewa ujumbe wako. Nani anaumwa?
– Hakuna anayeumwa baba.
– Hakuna?
– Hakuna.
– Sasa tunachangia nini?

Akaendelea kwa upole kabisa, wala hakuwa anagomba, akasema mama, ukinichangisha harusi nitakula, ukinichangisha mgonjwa nitaenda kumwona, akipona tutashukuru na asipopona tutazika, hiyo ya utafiti mimi nitaona nini? Kiukweli swali lake lilinikamata. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wenye digrii zao. Nikamwambia baba naomba unipe muda kidogo, nitakujia na jibu.

Jibu nililomrudia nalo lilikuwa chai.

Wale wa nyumbani mnamkumbuka baba mdogo na chai yake. Maziwa, maji, majani na sukari vyote vinachemkia sufuria moja, vinamiminwa kwenye kikombe cha bati vikiwa bado vinatokota pembeni, na kwa sababu kikombe hakishikiki yeye anakunja pindo la shati anakishika nalo, halafu anapiga fundo. Fundo kabisa, siyo kuonja. Mtu mwingine angebabuka ulimi. Sisi watoto tukipuliza anatucheka, anasema chai ya kupuliza ni maji ya kunawa hayo. Na siyo yeye tu, uchagani mgeni ukimpa chai iliyopoa anaona umemdharau, ni kama hukumpokea.

Ugonjwa wake ulianza na nyama kukwama. Akawa anasukumia na maji, mambo yakaenda. Baadaye akaacha nyama akahamia ndizi, ndizi nazo zikagoma akahamia mtori, mtori ukazidi kuwa mwepesi mpaka ukawa uji, mwisho hata mate yalikuwa yanarudi. Muda wote huo anasema ni vidonda vya tumbo na kuna dawa ya mizizi analetewa, na sisi huku mjini tunatuma pesa ya hiyo mizizi. Alipokuja kuingizwa ule mpira wenye kamera kooni, umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, ulikuwa umeziba karibu wote. Tulichanga, tena tulichanga sana, daftari lake bado ninalo, na pesa nyingi zilikuwa za kumwekea kijibomba cha kushikilia njia iwe wazi ili angalau uji upite. Ulipita kwa muda.

Sasa pale msibani wazee wamekaa kwenye mabenchi wakaanza kuhesabu. Fulani wa kule juu naye alikufa hivihivi, na mke wa fulani, na yule fundi wa baiskeli, na fulani mwingine. Wanataja majina kwa kufuata barabara, nyumba kwa nyumba. Mmoja akasema ni sumu, mwingine akasema kuna mkono wa mtu, na mimi nimebeba sinia la vikombe naenda kuwagawia chai, inafuka moshi.

Kumbe kuna watu walishajiuliza swali hilohilo wakaamua kulifuatilia kwa utaratibu. Saratani ya umio, watu wengi wanaiita kansa ya koo, ina ukanda wake Afrika, unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, upande huu wa mashariki inasumbua kweli, ukienda Afrika Magharibi ni nadra. Kwa nini? Wote Waafrika, wote tuna umaskini wetu, wote tuna moshi wa kuni jikoni. Watafiti wakaenda Kilimanjaro na vipimajoto, wakakaa na watu, chai ikimiminwa wanasubiri, mtu akianza kunywa ndo wanapima. Yani fikiria hiyo kazi, kukaa na daftari unamwangalia bibi wa watu anakunywa chai. Matokeo yalitoka 2015, na wastani ulikuwa kama nyuzi joto 70. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lile la IARC, likasema vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, yaelekea vinasababisha saratani ya umio. Chai yenyewe haina kosa, kahawa haina kosa, shida ni moto. Watafiti wameendelea kuwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, Kilimanjaro, Malawi na Eldoret (ndiyo, Eldoret hiyohiyo ya wakimbiaji wanaokuja kutubebea medali zetu kila mwaka, na wao wana kansa hii kibao), na picha imezidi kujaa, moto wa kinywaji umo, sigara imo, pombe imo, hata usafi wa kinywa umo.

Sisemi chai ndo ilimuua baba mdogo. Sigara alivuta na vikali hakuvikataa, na hakuna daktari anayeweza kuchukua mtu mmoja akakuambia ni hiki peke yake. Ila nilipomweleza baba mkubwa yote haya, alikaa kimya nikadhani simu imekatika, halafu akauliza, kwa hiyo walichofanya ni kupima chai? Ndiyo baba. Na hiyo nayo inataka pesa? Nikacheka. Kipimajoto ni cha bei ndogo baba, lakini kuna nauli za kupanda huko migombani, kuna posho za wanaozunguka nyumba kwa nyumba, kuna friji za kutunzia sampuli ambazo umeme ukikatika usiku mtu inabidi aamke akawashe jenereta, kuna mtu wa hesabu anayekaa mbele ya kompyuta miezi. Na jibu likishapatikana, anayekunywa halimgharimu kitu, ni kuacha kikombe kipoe kidogo.

Nikamwongezea la Mwanza maana nilishaona anaelekea kulainika. Mjukuu wake alichomwa shuleni ile chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Chanjo ilipoanza nchi nzima 2018 ilikuwa ya mabinti wa miaka 14 na walichomwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, miaka 9 mpaka 14. Wengi tulidhani serikali imebana matumizi. Kumbe pale Mwanza mabinti 930 walishiriki utafiti, kuna waliopata dozi moja, kuna mbili, kuna tatu, wakafuatiliwa kwa vipimo vya damu, na dozi moja ikaonekana kinga yake iko imara. Kenya nao walikuwa na utafiti wao kwa wasichana wakubwa kidogo ukasema hivyohivyo. Mwaka 2022 WHO ikakubali dozi moja inatosha. Sasa piga hesabu, dozi iliyookolewa kwa binti mmoja anapewa binti mwingine. Hao 930 wa kanda ya ziwa wamechangia kubadilisha ratiba ya chanjo ya dunia, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyepigiwa makofi bungeni.

Baba mkubwa akatoa elfu hamsini. Na ya kutolea.

Basi kuanzia hapo nikabadilisha namna ya kuomba. Kuna kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu mmoja 1977 kwa saratani ya mfupa akiwa na miaka 18, akiwa wodini akaona watoto wenzake wanavyoteseka, akaamua atakimbia nchi nzima kuchangisha pesa za utafiti. Aprili 1980 akaanzia kule kwenye Atlantiki na mguu wake wa bandia, akawa anakimbia karibu marathon nzima kila siku, siku 143, kilomita 5,373, mpaka kansa ilipomrudia kwenye mapafu akasimama karibu na mji wa Thunder Bay. Alifariki Juni 1981, miaka 22. Alichokuwa anaomba ni dola moja tu kwa kila Mkanada, na kabla hajafa michango ikafika dola milioni 24, idadi ileile ya watu wa nchi yao wakati huo. Mi kilichonigusa ni ile hesabu yake zaidi hata ya mguu. Dola moja. Haiogopeshi mtu.

Nikasema na sisi iwe buku kwa kilomita, anayeweza alipie 42, asiyeweza achague kilomita yake moja, atume buku, namwandikia jina kwenye kilomita hiyo. Aisee grupu lilichangamka! Watu wanagombania namba, kuna anayetaka kilomita ya tarehe yake ya kuzaliwa, kuna wawili waligombea ya 21 mpaka nikaingilia. Rafiki yangu mmoja mwalimu wa hesabu akatuma shilingi 42,195, shilingi kwa mita, hakuzidisha hata moja. Na mjomba wa Arusha akasema yeye analipia kilomita za kupanda mlima tu, za kushuka halipii, hata jiwe linashuka. Watoto wa dada yangu wakavunja kibubu. Ofisini bosi alitoa vizuri, sitasema kiasi asije akavamiwa.

Mazoezi sitaongea sana maana kila mtu siku hizi anakimbia Dar, jumamosi alfajiri barabara zinakuwa na klabu za jogging na spika zao kuliko daladala. Naondoka nyumbani kabla jua halijatoka kwa sababu joto la hapa likishakukuta na ule unyevunyevu unakuwa unaogelea siyo kukimbia. Tangu Alphonce Simbu wetu achukue dhahabu ya marathon ya dunia Tokyo mwezi wa tisa 2025, yeye na yule Mjerumani wakaandikiwa muda mmoja, saa mbili dakika tisa na sekunde 48, ikabidi iangaliwe picha ya mstarini, bodaboda wote wa mtaani kwetu wananiita Simbu. Simbu kaza! Simbu unachelewa! Bora, zamani walikuwa wananiuliza dada nani anakufukuza. Tatizo la Dar ni tambarare tupu, mlima mrefu kabisa kwenye njia yangu ni daraja la Tanzanite, na Moshi siyo tambarare, kwa hiyo kuna wikiendi tulikuwa tunaenda Pugu na Kisarawe kutafuta vilima.

Ila njia niliyoipenda ni ile ya baharini, Barack Obama Drive, inayopita mbele ya Ocean Road, lile jengo jeupe la Wajerumani la 1897 ambalo ndilo taasisi ya saratani. Ukipita pale mapema unakuta ndugu za wagonjwa wameshafika, mafaili kwenye mifuko ya rambo, kanga za kujitanda, wengine lafudhi unajua kabisa huyu katoka Kigoma, huyu Mtwara. Wanakuangalia unakimbia na viatu vyako vya rangirangi. Mara ya kwanza niliona aibu, nikawa napitia upande wa pili wa barabara. Baadaye nikawa nasalimia tu, na mama mmoja akaniambia kimbia mwanangu kimbia na ya kwangu.

Moshi wenyewe sasa. Kama hujawahi kwenda wikiendi ya Kili nenda hata kama hukimbii, mji unafurika, gesti zimejaa miezi kabla, watu wanalala kwa mashemeji, kila kona nyama inachomwa na nusu ya wanaokula nyama hiyo saa sita usiku asubuhi wanatakiwa wakimbie. Mi nililala mapema, nikajipaka mafuta ya mgando kila mahali panapokwaruzana (asiyejua umuhimu wa hili atajua akienda kuoga), nikachukua kalamu nikaandika jina la baba mdogo kwenye mkono.

Tunaanzia uwanja wa Ushirika bado kuna kiubaridi, na mlima uko wazi kabisa, Kibo nyeupe pale juu, watu wanasimama kupiga selfi katikati ya mbio wenzao wanawagonga. Nusu ya kwanza ni barabara ya lami, unakimbia kwa raha, unaongea na watu. Nilikuwa na karatasi ya majina ya kilomita nimeikunja kwenye kiplastiki, kila kibao cha kilomita nikikipita naangalia hii ni ya nani. Wengine nilikuwa nawataja kwa sauti, jamaa aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza dada unasali rozari?

Halafu unapandishwa Mweka. Mweka bana. Ni mlima wa taratibu, haukatishi pumzi mara moja, unakula kidogokidogo, jua nalo limeshatoka, na wakati wewe unapanda wale wa mbele wanashuka wanakupita kwa ule mwendo wao wa miguu isiyogusa chini. Kwenye kilomita za 28 na 29 misuli ya nyuma ya paja ikanikaza nikasimama kwenye mgomba wa watu, nimeushika, siwezi kukunja wala kunyoosha. Akatoka mama wa makamo na kanga kiunoni, hakuniuliza chochote, akapiga magoti akaanza kuninyoosha mguu huku anaongea Kichaga na majirani zake, naamini walikuwa wananisema. Alivyomaliza akaniambia pumzika kidogo nikuletee chai.

Nilicheka mpaka misuli ikakaza tena. Nikamwambia mama chai sitaiweza nikimbie nayo, ila nikuulize, chai yenu mnaisubiri ipoe? Akaniangalia kama nimepata jua la kichwani. Ipoe ya nini? Basi nikiwa nimekaa pale kwenye jiwe, na namba yangu kifuani, nikamhadithia zile nyuzi 70 na 65, na wakina mama wengine wawili wakasogea, na mmoja akasema kaka yake yuko hospitali sasa hivi, chakula hakipiti. Akanyamaza. Niliwaambia dalili ya kwanza ni hiyo, kitu kukwama, mtu asisubiri mpaka uji ushindwe kupita, apelekwe akapigwe kile kipimo cha kamera. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, watu walionipita pale sijawapata tena, na wala sijali.

Kushuka kutoka Mweka watu wanadhani ndo mteremko wa raha. Magoti yalinililia, vidole vinagonga mbele ya kiatu, hapo ndo kucha zilipokwenda. Nimeingia uwanjani masaa matano na kitu, nikapewa medali na maji, nikalala kwenye nyasi, na mtangazaji anaita majina ya watu waliokuja nyuma yangu, kwa hiyo wa mwisho sikuwa, andikeni hilo.

Sasa hesabu. Zilizoingia ni shilingi 3,846,195 (ile 195 mnaijua ya nani). Makato ya kutoa nimelipia mwenyewe pale ambapo watu hawakutuma ya kutolea. Pesa zote zimeingizwa kwenye akaunti ya utafiti wa saratani ya hospitali ya rufaa tuliyokubaliana, risiti nimeitupia kwenye grupu, na wamesema wataniandikia zimetumika kwa kitu gani, nitawaletea hata kama ni nauli na betri. Baba mkubwa ameshaniuliza mwakani wanapima nini.

Ahadi ambazo hazijatimizwa nazifahamu, sitaji majina hadharani, namba ya kulipia ni ileile mpaka mwisho wa mwezi. Isipokuwa mjomba wa Arusha namtaja, zile kilomita za kupanda nimezipanda zote mjomba, na saa imezirekodi moja moja.